Lijue Gari Lako Likiwa Zima

Maneno haya niliyasema Jumamosi mbele ya madereva na wamiliki wa magari ya abiria waliokusanyika hapa Morogoro. Wengi wenu mlikuwa njiani na abiria siku hiyo, nanyi mmeniomba niyaandike yote. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha. Mengine yamebaki kama yalivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa chama, ndugu madereva, mafundi wenzangu, na ninyi matajiri mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi pamoja na wanaowaendeshea magari: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kutambua kwamba gari linahitaji sevisi. Nilipoketi kujiandaa nilianza kuandika orodha ya dalili, na orodha ikafika kurasa nne. Kisha nikaiweka kando, kwa sababu katika miaka yangu yote ya gereji sijaona injini iliyokufa kwa kuwa dereva wake hakuwa na orodha. Nimeona nyingi zilizokufa kwa kuwa hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua zilivyokuwa zilipokuwa nzima. Daktari akikupima joto anajua mwili mzima una joto kiasi gani, na bila kujua hilo kipimo chake hakina maana. Sasa wewe dereva, unajua gari lako likiwa zima linangurumaje asubuhi? Unajua pedali ya breki inashuka kiasi gani kabla ya kushika? Unajua lita moja inakupeleka kilomita ngapi? Kama hujui, utatambuaje siku limebadilika?

Hilo ndilo neno langu la leo, nami nitalirudia: lijue gari lako likiwa zima.

Niwape kisa ambacho kinaniuma mpaka leo. Nilikuwa fundi kijana, mwaka wa tatu gerejini, mwepesi wa kushika spana na mwepesi zaidi wa kutoa majibu. Akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi na Corolla yake nyeupe, ambayo alikuwa ameiendesha peke yake kwa miaka sita. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia: "Mwanangu, gari hili halingurumi kama ninavyolijua. Asubuhi likiwa la baridi kuna kitu kinalia chini kwa chini, kisha kinanyamaza." Nikaliwasha. Lilikuwa limetoka barabarani, injini ina moto, na halikulia chochote. Nikasikiliza kwa dakika moja, nikafunga boneti, nikamwambia, "Mwalimu, gari ni zima, nenda kwa amani."

Wiki mbili baadaye alikuwa anarudi kutoka msibani Dumila. Kabla ya kufika Dakawa, mshale wa joto ukaanza kupanda, naye akapunguza mwendo. Baada ya muda mfupi mshale ukashuka hadi chini kabisa, akamshukuru Mungu, akaendelea na safari. Ndugu zangu, mshale ule ulishuka kwa nini? Injini ilikuwa imepoa? Haikupoa hata kidogo. Sensa inayopima joto imewekwa ili izungukwe na maji. Maji yalipokwisha ikabaki hewani, haina cha kupima, na mshale ukalala. Pampu ya maji ilikuwa imevuja mpaka tone la mwisho, na ule mlio wa asubuhi ulikuwa wa beringi ya pampu hiyo hiyo. Gari lilipofika kwangu likiwa limevutwa kwa kamba, silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepinda, gasketi imeungua, na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana maji na oili vilikuwa vimekwisha kuchanganyika.

Mwalimu yule hakujua pampu ya maji inakaa wapi. Alichojua ni sauti ya gari lake asubuhi, na sauti hiyo ilikuwa imebadilika. Mimi nilijua pampu inakaa wapi, lakini gari lake nililifahamu kwa dakika kumi tu, na yeye alilifahamu kwa miaka sita. Nani alikuwa mtaalamu siku ile? Tangu hapo, mtu akiniambia kwamba gari linalia asubuhi, namwomba aliache lilale gerejini, ili niliwashe mwenyewe alfajiri likiwa la baridi. Na mafundi wenzangu mlioko humu, nawaomba mfanye vivyo hivyo. Mteja anaposema "limebadilika," hilo ni neno la shahidi aliyekuwepo, na haifai kulijibu kwa dakika moja.

Basi mtu analijuaje gari likiwa zima? Kwa kulitazama siku zile ambazo halina tatizo. Dakika kumi za asubuhi zinatosha, na nitawaeleza jinsi mimi ninavyozitumia.

Kabla sijagusa ufunguo, natazama chini ya gari. Wale ambao mnaegesha penye udongo, tandikeni kipande cha boksi chini ya injini usiku, maana udongo hunywa ushahidi. Tone la maji safi upande wa abiria, kama jana uliwasha kiyoyozi, lisikutie hofu, kwa sababu ni unyevu tu wa hewa. Tone la kijani au la waridi lenye harufu tamu tamu ni kulanti, na maana yake mfumo wa kupoza injini una mahali unapovuja. Tone jeusi au la kahawia linaloteleza kwenye vidole ni oili ya injini. Tone jekundu mara nyingi hutoka kwenye gia boksi ya otomatiki au kwenye pampu ya usukani. Lakini ukikuta unyevu upande wa ndani wa gurudumu, tena unateleza, dhani kwanza kwamba ni mafuta ya breki, na gari hilo lisitoke hapo lilipo mpaka fundi alifikie.

Kisha nafungua boneti injini ikiwa ya baridi na gari likiwa mahali pamesawazika. Nachomoa kijiti cha kupimia oili, nakifuta kwa kitambaa cheupe, nakirudisha hadi mwisho, nakichomoa tena. Kwa nini kitambaa kiwe cheupe? Kwa sababu sipimi kiasi peke yake, nasoma na rangi pia. Oili kuwa nyeusi si kosa, maana kazi yake mojawapo ni kubeba uchafu. Ninachotafuta ni mchanga, chembe zinazong'aa kama unga wa bati, harufu ya petroli, au ule weupe wa chai ya maziwa. Natazama chupa ya maji ya rejeta, natazama chupa ya mafuta ya breki, nakandamiza fenibelti kwa kidole. Kifuniko chenyewe cha rejeta sikifungui isipokuwa injini imepoa kabisa, kwa kuwa nimewaona watu walioungua uso.

Halafu naingia ndani, nazungusha ufunguo hatua moja kabla ya kuwasha, nazitazama taa za dashibodi. Hapo taa zote za onyo zinapaswa kuwaka: ya oili, ya betri, ya injini, ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ukishika breki kwa nguvu) kama gari linayo. Injini ikishanguruma, zote zizimike. Wengi hutazama kama zimezimika, na wachache hutazama kama ziliwaka. Taa isiyowaka hapo mwanzo haiwezi kukuonya kesho. Unaponunua gari la mkononi, hili liwe la kwanza kulitazama, kwa sababu wapo watu wanaotoa balbu ya taa inayowasumbua kisha wakauza gari lenye dashibodi tulivu.

Mwisho nawasha, nasikiliza. Redio imezimwa. Nasikiliza sekunde zile za mwanzo ambazo oili inapanda, kisha injini inapotulia. Ukiwa njiani ukasikia mlio usioujua, jiulize swali moja: mlio huu unafuata nini? Simama mahali salama, ukanyage mafuta gari likiwa limetulia. Mlio ukipanda pamoja na injini, chanzo kiko injini au kwenye vinavyozungushwa nayo. Kama haupo ukisimama, unakuja gari likitembea na unaongezeka kadiri magurudumu yanavyokwenda kasi, tazama beringi za magurudumu na tairi. Ukija unapokata kona ya kulia na kutoweka unapokata ya kushoto, beringi ya upande wa kushoto ndiyo ya kwanza kushukiwa, kwa kuwa uzito mwingi umelalia huko. Mlio wa tak-tak-tak unapozungusha usukani hadi mwisho ni wa jointi za ekseli za mbele. Na kelele kali ya chuma unaposhika breki huenda ni kile kibati ambacho watengenezaji wamekiweka makusudi kwenye breki pedi, ili kiguse diski pedi inapokaribia kwisha. Kibati hicho ni mjumbe, na dereva anayeongeza sauti ya redio anamfukuza.

Moshi mnaujua, sitakaa sana hapo: wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia mahali yasipopaswa kufika.

Sasa nije kwenye stika. Kila mmoja wenu ana ile stika iliyobandikwa kwenye kioo au mlangoni baada ya kumwaga oili, imeandikwa kilomita za leo na kilomita za sevisi ijayo. Stika ni jambo jema. Lakini kilomita ni kipimo cha umbali, na injini inachakaa kwa saa inazofanya kazi, kwa joto na kwa vumbi. Chukueni magari mawili yanayofanana, yote yamepangiwa sevisi baada ya kilomita 5,000. La kwanza linakwenda Dodoma na kurudi, wastani wake ni kilomita 70 kwa saa. La pili linafanya kazi Dar es Salaam katika foleni, na ukichanganya mwendo na kusimama, wastani wake ni kilomita 15 kwa saa. Gawanyeni wenyewe. La kwanza linamaliza kilomita 5,000 kwa saa 71 hivi za kunguruma. La pili linazimaliza kwa saa 333. Stika ni moja, kilomita ni zile zile, na injini moja imefanya kazi mara nne na zaidi ya mwenzake, tena katika joto la kusimama ambalo upepo wa barabarani haulipunguzi. Je, magari haya yangojee siku moja?

Na ninyi mnaopanda Matombo hadi Kisaki wakati wa kiangazi, au mnaoingia vijiji vya Gairo, hamwendeshi katika hewa ile ile inayopita lami ya Msamvu hapa mjini. Ea klina, yaani kichujio cha hewa, ya gari la lami inaweza kukaa miezi mingi, na ya kwenu inaweza kuziba katika wiki chache. Ikiziba, gari linakuwa zito mlimani na linakula mafuta. Mbaya kuliko kuziba ni kutoboka au kukaa vibaya, kwa sababu vumbi likipita likaingia kwenye silinda linasugua ringi za pistoni na kuta za silinda kama msasa, na hapo hata oili ya bei kubwa haisaidii. Kwa hiyo stika ichukulieni kuwa ndio mwisho kabisa wa subira, na wale wa foleni na wa vumbi mfike kabla yake.

Kuna jambo lingine ambalo dereva mwangalifu hulitambua mapema kuliko taa yoyote, nalo ni mafuta. Gari lililozoea kwenda kilomita 12 kwa lita likishuka hadi 9, na njia ni ile ile na mzigo ni ule ule, kuna kitu kimechoka: plagi, ea klina, sensa, breki inayoshika bila kuachia, au tairi zisizo na upepo wa kutosha. Mara nyingi pia nakuta thamostati imetolewa. Mafundi wenzangu, tuliseme hili wazi mbele ya wateja wetu. Tumezoea kutoa thamostati gari linapochemsha, tukisema nchi yetu ni ya joto haihitaji. Thamostati ndiyo inayoifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuitunza hapo. Ukiitoa, injini inakawia kufika, inamwagiwa petroli nyingi, oili haipati joto la kukausha unyevu, na kile kilichosababisha kuchemsha bado kiko pale pale.

Sasa nizungumzie taa nyekundu ya oili, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza injini nyingi zaidi. Wengi wetu tunaamini kwamba taa ile hupima kiasi cha oili, na kwamba ikiwa haijawaka oili ipo. Haipimi kiasi. Inapima presha, na inawaka presha ikiwa karibu imekwisha. Dereva anayesubiri taa ile ndipo aangalie oili ni kama mtu anayesubiri kuzimia ndipo anywe maji.

Lilikuwepo gari dogo la teksi hapa mjini, lenye injini ya 1NZ, ambayo wengi wenu mnaifahamu kwenye IST na Probox. Injini hiyo inachukua oili kama lita 3.7. Tajiri alikuwa mtu mwema, alinunua oili nzuri, akafuata kilomita 5,000 bila kukosa. Lakini gari lilikuwa na watu watatu: dereva wa mchana, dereva wa usiku, na deiwaka, yaani dereva wa kushikia zamu, wa Jumapili. Ringi zilikuwa zimechoka, na gari lilikuwa linakula lita moja ya oili kila kilomita 1,500 hivi. Fanyeni hesabu: lilipofika kilomita 4,000 baada ya sevisi, ndani ya injini palibaki oili ya kama lita moja.

Dereva wa mchana aliona moshi wa bluu kila alipoliwasha asubuhi, akadhani mwenzake wa usiku anajua. Dereva wa usiku aliona taa nyekundu ikiwaka na kuzimika alipokuwa akizunguka kwenye mzunguko wa Msamvu, akadhani ni waya umelegea. Lakini fikirini: kwenye kona oili kidogo iliyobaki inasukumwa upande mmoja, pampu inavuta hewa, presha inaanguka, taa inawaka, gari likinyooka, oili inarudi, taa inazimika. Gari lilikuwa linasema kwa sauti ambayo halikuwa na nyingine iliyo wazi zaidi. Jumapili deiwaka alichukua abiria wa Mikese, na injini ikanoki, yaani ikafa, kabla hajafika. Yeye ndiye aliyelaumiwa, naye ndiye pekee kati ya wale watatu ambaye hakuwa ameona dalili yoyote.

Nani aliiua injini ile? Nimejiuliza mara nyingi. Hapakuwa na dereva mzembe kati yao. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ushahidi, na hapakuwa na mahali pa kuviunganisha vipande hivyo. Gari la watu watatu halikuwa na mtu wa kulijua.

Ndiyo maana nawaomba kila gari liwe na daftari. Daftari la kawaida la shule, likae ndani ya gari, lipokezanwe pamoja na ufunguo. Kila anayeshika gari aandike tarehe, kilomita, oili aliyoongeza na kiasi chake, mafuta aliyotia, na chochote kipya alichosikia, alichonusa au alichohisi kwenye usukani. Kama daftari lingekuwepo, mistari miwili ingekaa pamoja kwenye ukurasa mmoja, moshi asubuhi na taa usiku, na hata mtoto wa darasa la saba angeuliza kuna nini.

Daftari lina kazi ya pili, na kwa hili naomba mnisikilize zaidi. Si kila kitu katika gari kinatoa dalili. Yapo yanayokufa kimya. Kwa hayo, jicho na sikio havitoshi. Kinachookoa ni tarehe iliyoandikwa.

Mojawapo ni mafuta ya breki. Kuna dereva yumo humu ukumbini ambaye ameniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja. Alikuwa analeta watu wa harusi 25 kutoka Iringa kwa Coaster. Alipopita Ilula akaanza kuteremka Mlima Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, gia ikiwa kubwa kidogo, akitegemea breki. Kona ya kwanza breki zilishika, ya pili zikashika, kisha pedali ikawa laini kama sifongo, na mara iliyofuata ikaenda hadi sakafuni. Mungu alimjalia utulivu. Aliikanyaga na kuiachia pedali haraka haraka, akashusha gia moja baada ya nyingine, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akaliegemeza gari upande wa ukuta wa mlima hadi likasimama. Abiria waliposhuka walikuwa wanatetemeka. Na sasa sikilizeni: walikaa hapo kama saa moja, breki zikapoa, na pedali ikarudi kuwa ngumu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Gari lile lilipoletwa, pedi zilikuwa nzima, diski nzima, hakuna tone lililovuja. Lakini mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa, na mwenye gari hakukumbuka kuyabadilisha hata mara moja. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa polepole, hata kama gari limeegeshwa tu. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 hayachemki mpaka yapite nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140, na breki za gari lililojaa watu kwenye mteremko wa Kitonga hufika huko bila taabu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu wako unabonyeza mvuke, magurudumu hayapati kitu. Katika mji wa tambarare dereva anaweza kuendesha miaka mitano na mafuta hayo, breki zikamtii kila siku, asijue. Dalili ya kwanza anaipata mahali ambapo hana nafasi ya kuitumia. Badilisheni mafuta ya breki kila miaka miwili, na tarehe muiandike.

Kingine kinachokufa kimya ni taimingi belti, ule mkanda wa injini unaozifanya valvu zifunguke na kufunga sambamba na mwendo wa pistoni. Prado na Hilux Surf nyingi zenye injini ya dizeli ya 1KZ zina taa kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT, na kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwaka yakifika kilomita 100,000, kukwambia belti ibadilishwe. Familia moja waliiona taa hiyo imewaka, wakamuuliza fundi, fundi akatoa balbu, taa ikazimika, wakafurahi. Miezi kadhaa baadaye, jioni, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, injini ikazimika ghafla. Haikulia, haikuchemsha, haikutoa moshi. Belti ilikatika, valvu zikabaki wazi njiani mwa pistoni, zikagongwa. Walilala ndani ya gari na watoto, wanyama wakipita nje, hadi lori moja lilipowavuta alfajiri.

Mnaonunua magari yaliyotumika Japani, tafuteni kwenye injini au kwenye fremu ya mlango stika ya fundi wa kule ya kubadilisha belti. Maandishi hamtayasoma, lakini tarakimu mtazisoma. Mkikuta H25, huo ni mwaka wa Wajapani: herufi H ongezeni 1988, mtapata 2013. Herufi R ongezeni 2018. Pembeni huwa pana kilomita. Linganisheni na dashibodi, na linganisheni pia na cheti cha kusafirisha gari nje, ambacho huandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi kule. Kama hamna uhakika belti ilibadilishwa lini, ihesabuni kuwa haijabadilishwa. Na wenye injini ya cheni kama hiyo 1NZ, cheni yenu haina tarehe ya namna hiyo, ila uhai wake ni oili safi. Ikianza kukereketa kwa sekunde mbili tatu kila mnapowasha asubuhi, msiipuuze.

Tairi nazo zina tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri, yaani ile michoro inayoshika barabara, na mpira wake umekauka ukapasuka pasuka. Na ndani ya mifereji yake kuna vinundu vya kikomo. Kashata ikilingana navyo, imebaki milimita 1.6 tu, nayo haitoi maji ya masika.

Ndugu matajiri, sasa nawageukia ninyi, na nasema kwa heshima. Dereva anayewaletea hesabu kila jioni anajua kwamba siku akipeleka gari gerejini, hesabu itadaiwa vile vile. Je, mtu huyo atawaambia kwamba breki zinalia? Atasema kesho. Kesho atasema Jumamosi. Si kwamba hapendi gari lenu. Ana watoto nyumbani, na siku ya sevisi mmemgeuzia kuwa siku ya deni. Nawaomba siku ya sevisi isamehewe hesabu. Nimeona vyama vidogo vidogo vya familia vikifanya hivyo: siku moja kila mwezi gari linalala gerejini, dereva analipwa posho yake, na daftari linasomwa mbele ya tajiri, dereva na fundi, wote watatu wakiwa wameinama kwenye boneti moja. Injini iliyonoki inawagharimu hesabu za miezi. Kama dereva anaogopa kusema, gari lenu limekatwa ulimi.

Nimezungumza ya kutosha, na yaliyobaki hayafundishwi mkiwa mmeketi. Noah yangu nimeiegesha chini ya mwembe ule, pamesawazika, na tangu jana jioni sijaiwasha. Chini yake nimetandika boksi, wala sijalitazama. Boneti iko wazi, kitambaa cheupe kipo juu ya betri, na daftari liko kwenye kiti. Naomba madereva watatu watangulie: mmoja asome boksi, mmoja achomoe kijiti, mmoja azungushe ufunguo ahesabu taa. Wengine tusimame kwa ukimya, kwa sababu nataka tuisikie ikiwaka.